Jenereta ikinuka kuungua, usingoje moshi

Stima ilipopotea karibu kote nchini usiku wa Agosti 25, 2023, wengi mijini waliwasha jenereta. Huenda nawe, msomaji, unayo moja nyuma ya nyumba. Je, siku itakapotoa harufu ya plastiki inayoungua, utafanya nini?

Kwanza, zima vifaa vyote vinavyotumia stima hiyo, kisha uzime injini. Usiimwagie maji wala kuiongeza petroli ingali moto. Iwapo kuna miali, ondoa watu na uwaite wazima moto.

Harufu hiyo aghalabu hutokana na mzigo kupita kiasi. Jenereta ya wati 2,500 haiwezi kuhimili birika la wati 2,000 pamoja na pasi ya wati 1,000. Nyaya za shaba zilizozungushwa ndani yake hupata joto, na vanishi inayozikinga huanza kuungua. Sababu nyingine ni plagi iliyolegea, waya mwembamba wa kuunganishia, au vumbi lililoziba matundu ya hewa. Mashine ikipoa, kagua plagi na soketi: palipoyeyuka au kuwa peusi ndipo penye kasoro. Harufu ikirudi hata bila mzigo, zima na umwite fundi.

Moshi wa plastiki huwasha macho na koo, na mwenye pumu aweza kubanwa na kifua. Mtoe nje na umpe dawa yake ya kuvuta. Asipopata nafuu, mkimbize hospitalini. Aliyeungua mmwagilie maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usimpake mafuta wala dawa ya meno.

Hata hivyo, sisi madaktari huogopa zaidi kisichonuka. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayoshinda ya oksijeni zaidi ya mara 200. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na udhaifu, na ni rahisi kudhani ni malaria. Watu kadhaa wakiugua pamoja nyumbani, kisha wakapata nafuu watokapo nje, shuku jenereta. Wote waende hospitalini.

Kwa hivyo, usiiwashe jikoni, kwenye veranda wala ndani ya duka lililofungwa. Iweke nje, angaa mita 6 kutoka kwa madirisha na milango. Waya ukiungua, pua yako itakuonya. Gesi hii ikiingia, haitakuonya.