Komoro: Mashine ya boti ya uvuvi hupimwa kwa mzigo wa kurudi

Wavuvi wa Visiwa vya Komoro hawasafiri mbali kuyafikia maji ya kina kirefu. Visiwa hivyo ni vilele vya volkano, na katika sehemu kubwa ya Ngazija kina hushuka ghafla karibu na ufuo. Hata hivyo jodari huhama, na boti ya faiba inayomwandama huweza kujikuta maili 20 za baharini kutoka nchi kavu. Katika umbali huo, mashine isiyolingana na boti huweza kumaliza mafuta kabla ya kufika nyumbani, na mikondo ya Mlango-bahari wa Msumbiji haimsubiri mtu.

Anayenunua mashine ya kupachika tezini kwa kawaida huuliza kwanza itakwenda kasi gani. Swali hilo lina haki yake, kwa kuwa samaki huharibika upesi pasipo barafu. Lakini jibu analopewa huwa ni la boti tupu.

Boti yenye urefu wa mita 6.5 kwenye usawa wa maji, ikiwa inakata maji kwa utulivu, huishia mwendo wa takriban maili 6 za baharini kwa saa. Kwa mwendo huo nguvu ya farasi 10 hivi hutosha siku ya shwari. Ili kuivuka kasi hiyo, boti lazima iinue omo na kuteleza juu ya maji, jambo linalodai nguvu maradufu na zaidi. Mashine ya farasi 40 huweza kulifanya hilo alfajiri, boti ikiwa nyepesi. Jioni hali hugeuka: samaki, barafu na nyavu zilizolowa huizamisha tezi, boti isiweze tena kupaa, nayo mashine ikabaki kunguruma kwa nguvu zote huku ikilima maji.

Hesabu ya mfano yaonyesha gharama yake. Mashine ya farasi 40 ya mipigo miwili, ikifunguliwa kabisa, hula takriban lita 17 za petroli kwa saa. Ikiteleza kwa maili 16 kwa saa, safari ya maili 20 humaliza lita 21. Ikilima maji kwa maili 9, safari ile ile humaliza lita 38. Mashine ndogo inayokwenda polepole kwa maili 6 na kula lita 5 kwa saa hufika kwa lita 17, ingawa huchukua zaidi ya saa tatu. Ghali kuliko zote, basi, ni kasi ya katikati. Nahodha aliyepakia sana hupata nafuu kwa kupunguza moto, hata kama mkono wake hautaki. Mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) uliotolewa mwaka 2012 nao unasisitiza kupunguza mwendo kama njia kuu ya kuokoa mafuta.

Kuongeza nguvu kuna mpaka. Mashine ya farasi 40 ya mipigo minne hukaribia kilo 100, kama kilo 30 zaidi ya ile ya mipigo miwili. Huokoa mafuta, lakini uzito wote huangukia ubao wa tezi, ambao boti nyingi za zamani hazikuundiwa, na wimbi la nyuma likapata njia ya kuingia.

Rafadha pia hupimwa boti ikiwa imepakiwa. Ikiwa mashine haifikii mizunguko iliyoandikwa katika kitabu chake, mara nyingi rafadha ni kali mno, na kuibadilisha ni rahisi kuliko kununua mashine kubwa. Mafuta nayo hugawanywa mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, na la tatu huachwa ndani ya dumu kwa ajili ya kusi likivuma kutoka mbele.