Mwanafunzi wa picha za kompyuta hachezi

Msikilizaji, mzazi anaingia sebuleni anamkuta kijana wake, ambaye karo yake imelipwa kwa taabu, amekaa mbele ya kompyuta. Kijana amemkata shangazi yake kutoka katika picha ya harusi na sasa anampachika mbele ya Mlima Kilimanjaro. Mzazi anauliza, "Ndiyo masomo hayo?" Kijana anajibu, "Ndiyo, baba. Ni kazi ya darasani, inatakiwa Ijumaa." Mzee anatikisa kichwa na kwenda zake.

Juma hili tumtetee kijana huyo. Lakini tukishamtetea, tumwekee sharti.

Kwanza tuelewe anachofundishwa. Chukua picha yoyote iliyo katika kioo cha kompyuta, uikuze, uikuze tena. Itafika mahali uso utapotea, na utakachoona ni vimraba vya rangi, kimoja kando ya kingine, kama mkeka wa ukindu uliosukwa kwa rangi nyingi. Kila kimraba ni nukta moja, nao wataalamu huiita pikseli. Kompyuta haimjui shangazi wala mlima. Kwa kila nukta inajua namba tatu tu: wekundu kiasi gani, kijani kiasi gani na bluu kiasi gani. Kwa kawaida kila namba huanzia 0 na kuishia 255. Sufuri zote tatu ni giza totoro, na 255 zote tatu ni weupe mtupu. Katikati ya hapo hupatikana rangi zaidi ya milioni 16.

Kwa hiyo kijana anapoung'arisha uso, hapaki poda. Anaongeza namba. Anapofuta doa shavuni, anachukua namba za ngozi iliyo jirani na kuziweka mahali pa namba za doa. Kuhariri picha ni kufanya hesabu, ila majibu yake huonekana kwa macho.

Hesabu hiyo si ya jana. Mwaka 1957 huko Marekani, Russell Kirsch na wenzake waliingiza katika kompyuta picha ya mtoto wake mchanga. Ilikuwa na nukta 176 kwa upana na 176 kwa urefu, yaani hazifiki hata 31,000 kwa jumla. Simu ya kawaida ya siku hizi hupiga picha yenye nukta mamilioni.

Wala tusidhani kazi ya darasani ni kitu cha kutupwa muhula ukiisha. Mwaka 1972, katika Chuo Kikuu cha Utah, mwanafunzi mmoja aitwaye Ed Catmull alichagua kufanyia kazi yake ya darasani mkono wake mwenyewe wa kushoto. Alitengeneza mfano wa mkono huo kwa plasta, akauchora juu yake vipande vidogo vipatavyo 350, akapima kila pembe na kuingiza vipimo hivyo katika kompyuta. Akishirikiana na mwanafunzi mwenzake, Fred Parke, alitoa filamu fupi ambamo mkono ule unageuka na vidole vinakunja na kukunjua. Mwaka 1976 sehemu ya kazi hiyo ilionekana katika filamu ya sinema iitwayo Futureworld. Catmull akawa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Pixar, ambayo mwaka 1995 ilitoa Toy Story, filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa yote kwa kompyuta. Na mwaka 2011 ile kazi ya darasani iliingizwa katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani.

Mfano mwingine umo mikononi mwa wanafunzi wetu wenyewe. Programu ya kuhariri picha iitwayo GIMP, ambayo hupatikana bure, ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Nayo ilianza kama kazi ya muhula.

Tuje sasa kwenye mkate wa kila siku. Mteja anafika kwenye duka la kuchapa na picha ndogo aliyotumiwa kwa simu, anataka ijae ukurasa mzima. Asiyesoma atasema, "Hamna shida." Aliyesoma atapiga hesabu kwanza. Uchapaji mzuri huhitaji kama nukta 300 kwa kila inchi. Picha yenye upana wa nukta 640, kwa kipimo hicho, itatoka vizuri kwa upana wa sentimita 5 na nusu tu. Ukurasa wa A4 unataka nukta 2,480 kwa 3,508, yaani karibu milioni 8.7. Ukiilazimisha ile ndogo ijae ukurasa, nukta zinavimba, na uso unakuwa kama unautazama kupitia chandarua.

Aidha, kioo cha kompyuta hutoa mwanga, lakini mtambo wa kuchapa hupaka wino. Mwanga ni wa rangi tatu tulizozitaja, na wino kwa kawaida ni wa rangi nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Ndiyo maana bluu iliyokuwa iking'aa kwenye kioo hutoka imefifia karatasini, na mteja akagoma kulipa. Nembo ya kampuni nayo haifai kutengenezwa kwa nukta. Huchorwa kwa mistari ambayo kompyuta huikokotoa upya kila ukubwa unapobadilika, hivyo hutoka safi kwenye kadi ndogo na ubavuni mwa lori. Mambo haya yote kijana hujifunza katika hiyo kazi ya Ijumaa.

Basi na ule mchezo wa shangazi na mlima? Hapo anajifunza matabaka. Fikiri vioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Cha chini kina mlima, cha kati kina shangazi, cha juu kina maandishi. Unasogeza kimoja bila kukigusa kingine. Ni ufundi mzuri, na hapa ndipo sharti letu linapoanza, kwa sababu mkono uliomhamisha shangazi unaweza kumhamisha yeyote.

Mambo haya yamekwisha kutokea, tena kwa wakubwa. Februari 1982 jarida la National Geographic lilizisogeza piramidi za Giza zikaribiane, ili picha ya kulala ienee kwenye jalada la kusimama. Juni 1994 jarida la Time liliutia giza uso wa O.J. Simpson, aliyekuwa akituhumiwa kuua. Wenzao wa Newsweek walitoa picha hiyo hiyo ya polisi bila kuigusa. Wasomaji wakayaona majarida mawili kando kwa kando, na kelele zikazuka kwamba mtu mweusi ameongezwa weusi ili afanane na mhalifu. Mwaka 2003 mpiga picha wa gazeti la Los Angeles Times aliunganisha picha mbili alizopiga Basra, Iraki, zikawa moja. Alifukuzwa kazi. Alikamatwaje? Mtu mwenye jicho aliona baadhi ya raia waliokuwa nyuma wamejirudia mara mbili.

Jicho kama hilo ndilo analopata mwanafunzi. Aliyehangaika usiku kucha kutengeneza kivuli cha shangazi hutazama kivuli kwanza katika kila picha. Hutazama jua linatoka upande gani, kingo za nywele zimekatwaje, na ukuta umejirudia wapi.

Siku hizi kuna akili mnemba, ambayo huandikiwa maneno machache ikatoa picha ya mtu asiyekuwapo katika mkutano usiofanyika. Haihitaji shangazi wala mlima. Mbele ya mashine hiyo jicho peke yake halitoshi, na kila picha inapaswa kuulizwa: nani kapiga, wapi, lini, na ya asili iko wapi?

Ndiyo sharti lenyewe. Mwanafunzi afundishwe tangu zoezi la kwanza kuitunza picha ya asili bila kuigusa, na kuandika kila alichobadili. Afundishwe pia kwamba kadi ya harusi ina ruhusa ambazo habari haina. Katika habari, kurekebisha mwanga kidogo au kupunguza kingo kunakubalika. Kuongeza mtu au kumwondoa ni uongo, hata kama umefanywa kwa ustadi wa kupigiwa makofi. Na walimu, mnaposahihisha, toeni alama kwa maelezo hayo kama mnavyotoa kwa uzuri wa picha. Kijana atakayemaliza chuo akijua kuipamba picha bila kujua kuitolea maelezo atakuwa na kazi, lakini sisi tutakaosoma magazeti na kutazama simu zetu hatutakuwa na pa kushika.