Magofu Katika Mashamba Yetu, na Namna Yanavyopimwa

Ndugu Wanachama,

Msimu uliopita, tulipokuwa tukipima karafuu, mzee wetu mmoja aliniuliza: "Bwana Katibu, vile vindege vidogo vinavyolia kama nyuki juu ya mashamba vyatafuta nini?" Kabla sijajibu, mmoja akasema vyatafuta fedha za kale, na mwingine akasema ni dalili ya watu kunyang'anywa mashamba. Nikaahidi kuuliza na kusoma, na leo natimiza ahadi.

Mwaka wa 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar ilianza mpango wa kupiga picha Unguja na Pemba kwa vindege visivyo na rubani, ili zichorwe ramani mpya. Vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walifundishwa kuvirusha. Picha za namna hiyo zawafaa pia wachunguzi wa mambo ya kale. Mtu aliyesimama chini huona jiwe moja na kichaka, lakini atazamaye kutoka juu huona mstari mzima wa ukuta, au majani yaliyofifia kwa sababu mizizi imekuta mawe.

Ila sisi wenye mikarafuu twaijua dosari yake: kutoka juu huonekani ila majani. Kipo chombo kingine, laida, kinachorusha miali ya mwanga. Baadhi ya miali hupenya katikati ya majani ikagonga ardhi na kurudi, na sura ya ardhi ikachorwa kana kwamba miti haipo. Hata hivyo chombo hiki nacho chaona uso wa ardhi tu. Kilicho chini ya udongo hutafutwa kwa miguu.

Mfano mzuri ni kisiwa cha Songo Mnara, karibu na Kilwa Kisiwani. Huko uko mji wa mawe uliokaliwa tangu mwishoni mwa karne ya 14 hata mwanzoni mwa karne ya 16, wenye nyumba za mawe zaidi ya 40, misikiti, makaburi na ukuta. Mwaka wa 1981 Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliandikwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia. Mwaka wa 2004 vikatiwa katika orodha ya mahali palipo hatarini, na mwaka wa 2014 vikatolewa humo. Kati ya nyumba hizo za mawe mna viwanja vipana visivyo na gofu lo lote, na ilikuwa rahisi kudhani kwamba hapakuwa na kitu.

Kuanzia mwaka wa 2009 Dk. Jeffrey Fleisher na Dk. Stephanie Wynne-Jones, kutoka vyuo vikuu vya Marekani na Uingereza, walifanya kazi huko pamoja na wenzao. Kabla ya kuchimba, viwanja vilipimwa kwa vyombo. Kazi yenyewe ni hivi. Ardhi hugawanywa miraba kwa kamba, na mpimaji hutembea mstari kwa mstari, polepole, amebeba chombo kinachopima nguvu ile ile igeuzayo sindano ya dira ya nahodha. Udongo uliochomwa moto, kama wa jikoni au wa kiwanda cha chuma, hubaki na nguvu hiyo kwa mamia ya miaka, na chombo huitambua. Ndiyo sababu mpimaji havai mshipi wenye chuma wala habebi funguo, na mabati na misumari ya karibu humharibia kazi. Chombo kingine hupima jinsi udongo unavyopitisha umeme.

Vyombo vilionyesha alama mahali pasipokuwa na kitu cha kuonekana kwa macho. Walipochimba upande wa magharibi wakakuta nyumba za miti na udongo. Kumbe mji haukuwa wa matajiri wa nyumba za mawe peke yao. Huko Unguja Ukuu nako kulipimwa kwa njia hiyo, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2017.

Sasa turudi kwetu Pemba. Mikarafuu ilianza kupandwa visiwani mwanzoni mwa karne ya 19, na miji yetu ya Chwaka na Ras Mkumbuu ilikuwapo karne nyingi kabla yake. Huko Chwaka uchimbaji umeonyesha kwamba misikiti ilijengwa kwa mawe, lakini watu wengi walikaa katika nyumba za udongo. Basi si ajabu mizizi ya mkarafuu ikawa imelala juu ya jiko la mtu.

Na mimi naungama mbele yenu. Miaka michache iliyopita nilipokuwa nikichimba mashimo ya miche nilitoa vigae, na madonge ya udongo mwekundu yaliyookwa, yenye alama za fito. Nikayaona takataka, nikayatupa bondeni. Leo najua kwamba yale yalikuwa ukuta wa nyumba. Hapana chombo kitakachoweza kuurudisha mahali pake, kwa kuwa kitu cha kale kikisha kuhamishwa hupoteza nusu ya maneno yake.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Kwanza, mawe ya magofu yasipelekwe katika tanuri la chokaa. Pili, ukikuta vigae vingi au udongo mwekundu wenye alama za fito, fukia shimo, panda mche wako hatua chache kando, na umwarifu Sheha ili habari ifike Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Tatu, wakija wapimaji na kamba zao, waulizeni kazi yao na barua zao, kisha muwaonyeshe njia. Kupima hakukati mkarafuu hata mmoja.

Mzee aliyeniuliza nimemsomea haya kabla ya kuyachapa. Akanyamaza, kisha akasema: "Basi na mimi ninalo shimo la kufukia."

Wasalaam,
Katibu wenu