Kuku wa Ghorofa ya Tatu

Paukwa!

Nimesikia "Pakawa" ya watu watatu tu. Wengine mnachezea simu. Haya, wekeni chini kidogo, maana kisa cha leo nacho kina simu ndani yake.

Palikuwa na kaka na dada wakiishi Dar es Salaam, Kariakoo, ghorofa ya tatu. Nyumba ya vyumba viwili, kibaraza cha kuanikia nguo, na karatasi ya mwenye nyumba iliyobandikwa ngazini: MARUFUKU KUFUGA. Bibi yao mzaa baba yeye alikaa Iramba, mkoani Singida. Huko ndiko wanakotoka wengi wa kuku wa kienyeji mnaowaona sokoni wamejazana kwenye matenga, wamechoka na safari.

Likizo ya Juni kaka akaenda kwa bibi. Siku ya kurudi, alfajiri, basi likipiga honi huko barabarani, bibi akatoka jikoni na kuku jike mchanga, mwekundu, miguu imefungwa kwa utepe uliochanwa kwenye kanga kuukuu. Akamtia mjukuu mkononi.

"Mume wangu," akamwambia, "huyu ni wako. Nenda kaanze maisha."

Msicheke. Kwa watu wengi wa kwetu bibi na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kiume ni mume wa bibi, wa kike ni mke mwenza. Baba na mama unawaogopa, na ndivyo inavyotakiwa, lakini bibi unamtania naye anakutania, na mara nyingine hujui kama anasema kweli au anakuchezea. Shikeni hilo, tutalihitaji.

Lakini "kaanze maisha" hakukuwa utani. Bibi alikuwa na hesabu yake. Kuku wa kienyeji akikomaa hutaga mayai kama 12, kisha huyaatamia siku 21. Wakianguliwa vifaranga 10, mwewe atachukua wawili, baridi itaua mmoja, kicheche naye hakosi wake. Waliobaki wanakua. Majogoo unauza, majike unawaacha nao watage. Ukivumilia unafika kwenye mbuzi. Baba wa watoto hawa alishonewa sare yake ya kwanza ya shule kwa fedha za kuku. Kwa hiyo bibi alipotoa yule kuku hakutoa kitoweo, alitoa mtaji.

Kaka aliona nini? Aliona kitu kitakachomnyea magotini kutoka Singida hadi Dodoma, Dodoma hadi Morogoro, Morogoro hadi stendi ya Magufuli kule Mbezi. Alisema "Ahsante, bibi," akapanda basi. Mpaka hapo hana kosa. Aliposhuka Mbezi, mtu wa kwanza aliyemuuliza "Dogo, unauza?" akapewa kuku, na kaka akala chipsi na soda.

Jioni simu ikalia.

"Mume wangu, mmefika?"

"Tumefika, bibi."

"Na mwenzako?"

"Hajambo."

Hajambo huyo, nadhani, alikwisha kuwa supu. Wiki iliyofuata bibi akapiga tena. "Anataga?" "Anataga, bibi." "Mangapi?" Kaka akatazama dari. "Sita." Bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Alaa! Ana bidii huyo. Basi mwache aatamie."

Siku 21 baadaye, bila kukosea hata siku moja: "Wametoka wangapi?"

"Watano."

"Na lile la sita?"

"Lilikuwa viza."

Ikabidi kaka aanze kuwaandika vifaranga wake nyuma ya daftari la hisabati ili asijichanganye. Mmoja, alieleza, kachukuliwa na mwewe. "Mwewe, Kariakoo?" Hapana, bibi, kunguru. Bibi akampa pole ndefu, akauliza rangi ya marehemu. Kaka akasema mweupe, akaandika: mweupe, kafa.

Mwezi Agosti, kondakta wa basi akampigia simu baba kwamba kuna tenga lake stendi. Ndani yake mlikuwa na jogoo. Si pora wa juzijuzi, jogoo mzima, mwenye kishungi na kucha. Na salamu za bibi: haifai kuku wa mume wangu wakae bila mwanamume nyumbani. Saa kumi alfajiri jogoo akasimama kibarazani, akaiwikia Kariakoo yote. Saa kumi na robo mwenye nyumba alikuwa amefika ghorofa ya tatu, kwa miguu, na msuli.

Sasa nawaambia jambo ambalo kaka hakulijua. Kuku wa kienyeji huanza kutaga akiwa na miezi sita hivi, wengine hupitisha hapo. Yule mwekundu alikuwa na miezi minne. Bibi alijua tangu yai la kwanza kwamba hakuna yai. Baba angejua, angechukua fimbo. Bibi alikuwa na utani, akautumia wote, simu baada ya simu, mpaka jogoo. Mimi naona alimwadhibu vizuri zaidi.

Jogoo akahamishiwa Kibaha kwa shangazi, akangojee likizo.

Desemba wakaenda wote wawili. Siku chache kabla ya kurudi, bibi akamletea dada naye kuku, jike mwenye madoa. Dada akapiga goti, akampokea kwa mikono miwili. Hakusema kwanza habari za Dar. Aliuliza: huyu ni mtoto wa kuku gani? Mama yake anaatamia vizuri au anakimbia mayai? Bibi akaketi juu ya kinu kilicholazwa, akaeleza ukoo mzima, nani aliuzwa mwaka wa ukame, nani alipigana na kicheche akabaki na jicho moja. Maelezo hayo yalichukua asubuhi nzima, na ndani yake dada akaelewa alichopewa.

Ndipo aliposema. "Bibi, kuku nimempenda. Ila kule kwetu chini ni vigae, hana mchwa wala kokoto ya kudonoa, na mwenye nyumba akimwona tunahama sote. Nakuomba mke mwenza unifugie."

Bibi akacheka hadi akajifuta macho. Kumwekea mwenzako mfugo ni jambo la zamani sana kwetu: mnyama ni wako, anayemtunza ana haki yake, uzao mnagawana. Wakakubaliana nusu kwa nusu. Bibi akaongeza kwamba kila atakayechinjwa, firigisi ni yake, hilo halina mjadala. Dada akaongeza la kwake: chanjo.

Mnaijua kideri? Wengine huiita mdondo. Ikiingia kijijini, jioni kuku wako wanasinzia, na siku mbili tatu baadaye unafagia manyoya. Dawa ya kuiponya haipo, ila chanjo ipo, tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi, na kikishafunguliwa hakikai, kwa hiyo ukikinunua kwa ajili ya kuku sita umekimwaga. Dada akawa anatuma fedha kwa simu kutoka kwenye akiba yake, na bibi anawatangazia majirani siku. Uwanja unajaa watoto wenye kuku kwapani, bibi na kichupa, mmoja mmoja, "mshike kichwa, mshike vizuri." Simu za jioni zikaendelea, ila sasa mayai yalikuwa mayai.

Sisemi kila zawadi itafugika kijijini. Kuna sweta la baridi ya Makete lililofumiwa mtoto wa Tanga. Kuna viatu vya namba tatu mbele kwa sababu "utakua". Kuna gunia la michembe kwa nyumba ya watu wanne wasiokula michembe. Sweta livae siku ya kwenda kwake, hata kama ni kwa saa moja. Viatu viweke, kweli utakua. Michembe gawa kwa majirani, lakini mwambie bibi umempa nani na amesemaje alipoionja. Nimewaona wazee wengi, na sijamwona anayekasirika kwamba kitu chake kimegawiwa. Kinachowauma ni kukikuta jalalani, au kuuliza habari zake wakajibiwa kwa macho ya pembeni.

Na jambo moja mnalifanya wenyewe. Bibi anauliza kwenye simu, "Nikuletee nini, mjukuu wangu?" Nanyi mnajibu, "Chochote tu." Sasa atafanyaje? Hajui unasoma darasa gani, hajui unapenda kuchora. Anachokijua ni kile alichokitamani yeye akiwa na miaka kumi, na mara nyingi kilikuwa na miguu miwili na mabawa. Mwambieni rangi za kuchorea. Mwambieni karanga za kukaanga. Akishindwa atasema ameshindwa.

Naona mnataka habari za jogoo. Kaka ndiye aliyembeba Desemba ile, tenga mapajani, kutoka Kibaha hadi Iramba, abiria wakimnunia kila alipowika. Walipofika uani, bibi alipokea tenga, akachungulia ndani, akachungulia nyuma ya mjukuu, akachungulia mpaka barabarani.

"Mume wangu," akasema, "na wale wanne umewaacha na nani?"