Kabla hujahama kwa wazazi, afya nayo iingie kwenye hesabu

Minada ya ufuta ikishapita na malipo kuingia, vijana wa Mbekenyera na vijiji vingine vya Ruangwa na Nachingwea huanza kufunga mabegi. Wapo wanaokwenda kupanga chumba Ruangwa mjini, wapo wa Mtwara, na wapo wanaopanda basi la Dar es Salaam. Msimu wa korosho ukiisha, huwa hivyo hivyo.

Safari siipingi. Ninachouliza ni hesabu uliyopiga. Mara nyingi ina nauli, kodi na godoro (na redio kubwa, tuseme ukweli). Mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi 3 au 6 kwa mkupuo, na dalali naye akataka chake, fedha ya ufuta huishia hapo. Kinachofuata kupunguzwa ni chakula. Ukiugua homa, unalala ndani ukisubiri nafuu kwa kuwa huna hela ya kipimo, na malaria haisubiri.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa kodi, tenga kwanza fedha ya chakula cha miezi miwili, ya matibabu, na nauli ya kurudi nyumbani. Nauli hiyo usiiguse. Binti anayekwenda kufanya kazi za ndani mjini namsisitizia zaidi: mwenye nauli mfukoni hana sababu ya kuvumilia nyumba anayopigwa au kusumbuliwa usiku. Kama familia ina kadi ya bima ya afya, ikumbuke. Ulizia kwenye zahanati itakufaa vipi ukiwa mbali, na uulize kabla hujaondoka.

Wenye maradhi ya kudumu ndio wanaonitia wasiwasi. Nyumbani mama hukumbusha dawa; chumbani kwako hakuna wa kukumbusha. Mwenye kifafa akiacha dawa ghafla anaweza kupata degedege mfululizo lisilokatika, na hilo huua. Mwenye selimundu anahitaji dawa zake kila siku na maji ya kutosha. Baridi, kiu na kazi nzito ya kubeba mizigo vinaweza kumletea maumivu makali ya mifupa. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI aombe barua ya uhamisho kliniki kwake, achague kituo cha huko aendako, na aondoke na dawa za kumtosha hadi atakapopokelewa. Dawa hizo hutolewa bure, hivyo kukosa fedha kusikufanye uzikatishe. Na mtu mmoja wa karibu huko mjini ajue unaumwa nini.

Sasa chumba. Angalia dirisha kabla ya kuangalia bei. Chumba kisichopitisha hewa, mkilala wanne, kinarahisisha kifua kikuu kuambukizana. Ukikohoa wiki mbili, nenda kapime. Matibabu yake ni bure.

Jiko la mkaa lina hatari kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mkaa ukishashika vizuri na moshi kuisha, wengi hudhani umekuwa salama, wakaliingiza ndani wakati wa mvua, wakafunga mlango, wakalala. Mkaa huo bado unatoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hukamata nafasi ya oksijeni. Mtu huanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kuishiwa nguvu, na aliyekwisha kulala huenda asiamke kabisa. Pikia nje. Ukikuta mwenzako katika hali hiyo, fungua mlango, mtoe nje kwenye hewa safi, kisha mkimbize hospitali hata kama amezinduka.

Kwenye begi weka chandarua; usiseme utanunua huko. Mzazi akikupa mbaazi, usione haya kubeba kiroba kwenye basi. Kijana anayeshinda kwa chai na maandazi hupungukiwa protini na madini ya chuma, na mbaazi unazo shambani kwenu bila kununua. Ziloweke usiku, uzipike na nyanya na mboga za majani. Maji ya kunywa yachemshe, hata yakiwa ya bomba.