Kupoza Uji wa Komoni Mahali Penye Maji ya Vuguvugu

Ndugu msomaji, wewe unayepika komoni unaijua hasara hii. Umenunua mahindi, ulezi na kuni. Umekesha jikoni. Siku ya kuuza wateja wanaonja, wanakunja uso, wanaondoka. Pombe imechacha mno, au haikuumuka kabisa. Pipa zima linamwagwa, na sare za watoto zimekwenda nalo.

Wengine husema, "Nimelogwa," au "Nina mkono mbaya." Siyo hivyo. Mara nyingi kosa liko kwenye kupoza.

KWA NINI TUNAPOZA?

Njia za kupika komoni ni nyingi, lakini hapa zinafanana. Unga wa mahindi hupikwa uji, uji hupozwa, kisha hutiwa kimea cha ulezi.

Kimea kina kazi mbili. Kwanza, hugeuza wanga wa uji kuwa sukari. Pili, huleta hamira. Hamira ni vijidudu vyenye uhai, vidogo mno, jicho halivioni. Hivyo ndivyo vinavyokula sukari na kutoa kileo. Ndiyo maana pombe hutoa mapovu bila moto.

Kitu chenye uhai huungua. Uji ukiwa na joto la nyuzi 50 au zaidi, hamira hufa. Hamira hupenda nyuzi 25 mpaka 30. Mwili wa mtu mwenye afya una nyuzi 37. Basi uji uwe wa baridi kidogo kuliko mwili wako.

Je, tuuache tu upoe wenyewe? Hapana. Pipa kubwa hukaa na joto muda mrefu. Uji ukikaa vuguvugu saa nyingi, vijidudu vya uchachu huingia na kuzaana kabla ya hamira. Komoni ina uchachu wake, lakini ukizidi huwa siki.

SHIDA YA IGAWA

Mpishi wa Makambako au Njombe ana nafuu. Huko ni juu, maji ni ya baridi. Igawa iko chini, ukingoni mwa bonde la Usangu. Jua la mchana hupasha maji tuliyoteka mto Mbarali, hata yaliyo ndooni.

Sasa, joto huhama kutoka kwenye kitu cha moto kwenda kwenye kitu cha baridi. Vikilingana, kuhama hukoma. Maji ya nyuzi 30 hayawezi kushusha uji chini ya nyuzi 30, hata uyabadilishe mara kumi. Tena vinapokaribiana, joto huhama polepole sana. Hapo ndipo saa zinapopotea na uchachu unapoingia.

Shida hii si ya kwetu tu. Huko Bavaria, Ujerumani, sheria ya mwaka 1553 ilikataza kupika bia miezi ya joto, tangu mwisho wa Aprili mpaka mwisho wa Septemba, kwa kuwa bia iliharibika. Mashine za baridi zilianza kuingia katika viwanda vya bia huko miaka ya 1870. Sisi hatuna mashine. Lakini kama watu wale, tunaweza kuchagua wakati wa kupika.

TUFANYE NINI?

1. Pika jioni, jua likishuka. Usiku ukusaidie kupoza.

2. Gawa uji katika vyombo vidogo vilivyo safi. Chombo kipana hupoa upesi kuliko pipa. Usitumie kamwe chombo kilichowahi kuwekewa dawa ya mashamba.

3. Maji ya vuguvugu yatumie mwanzo. Kwa uji uliotoka motoni, hayo ni baridi. Weka chombo ndani ya beseni la maji, koroga, badilisha maji yakipata moto. Watoto wakae mbali, uji huo unaunguza.

4. Kupoa kukianza kusuasua, toa chombo majini. Kifunike kwa kitambaa safi, kizungushie gunia lililolowa, kiweke penye upepo. Maji ya gunia yakikauka huondoka na joto. Mtungi nao hupoza maji kwa njia hiyo hiyo. Kiangazi njia hii ni nzuri sana. Wakati wa mvua hewa ina unyevu, basi ongeza muda.

5. Maji ya kuzimulia pombe yachemshe siku moja kabla, yapoe usiku ndani ya mtungi uliofunikwa. Maji mabichi ya mtoni huleta vijidudu, hata vya kuhara.

6. Kabla ya kutia kimea, koroga, maana joto hujificha katikati. Toa gunia, ngoja kidogo, kisha gusa chombo kwa nje kwa kiganja. Ukihisi joto, bado. Ukihisi ubaridi kidogo, tia kimea.

Hebu jaribu kwanza kwa chungu kimoja. Gunia bovu lipo nyumbani, upepo hauuzwi, na usiku ni wa bure. Haraka ya kutia kimea ndiyo inayokula fedha yako.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini hamira hufa katika uji wa moto?
2. Kwa nini maji ya vuguvugu hufaa mwanzo lakini hayafai mwisho?
3. Katika kijiji chenu, ni saa ngapi maji huwa ya baridi zaidi?