Taa za stopu haziwaki: tuzichunguze wenyewe mbele ya kwenda garaji



Safari hii hatuzungumzi juu ya mbegu wala mboleo. Tunazungumza juu ya motokari inayobeba mavuno yetu. Kooperative nyingi tunazotembea nazo ziko na kamionete moja ya kufikisha viazi, maharagi na kahawa kwenye depo ao soko. Jasho la musimu muzima linapanda ndani ya ile kamionete, na mara nyingi watu nao wanapanda, juu ya magunia.

Fikirieni barabara ya Lubero kwenda Butembo, asubuhi na mapema. Ukungu umefunika, udongo umelowa. Kamionete imejaa viazi, na nyuma yake pikipiki inamufuata na abiria wawili. Mbuzi anakata barabara. Shofere anakanyaga freni. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa inapita metre 11 kila segonde. Kama ile taa nyekundu ya nyuma haikuwaka, mwenye pikipiki atajua kama kamionete imesimama wakati amekwisha kufika kwenye magunia.

Taa hii wengine wanaiita taa ya breki, sisi huku tunaiita stopu. Shofere akikaa mbele hawezi kuiona, ndiyo sababu inaweza kufa na kukaa miezi bila mutu kujua, mpaka polisi wa barabarani asimamishe gari, ao ajali itokee. Lakini ugonjwa wake si wa kuogopesha. Mara nyingi munaweza kuupata ndani ya saa moja, kwenye kiwanja cha depo, bila vyombo vya bei. Jambo moja tu: musinunue kitu chochote mbele ya kujua ni nini kimekufa.

UMEME UNAPITA WAPI?

Umeme wa stopu ni kama maji ya mufereji. Unatoka kwenye batri, unapita kwenye fuzi, unafika kwenye kifungo kidogo kinachokaa juu ya pedali ya freni. Shofere akikanyaga, kile kifungo kinafungua njia. Umeme unafuata waya mpaka nyuma, unaingia ndani ya ampule, taa inawaka. Kisha unarudi kwenye batri kwa kupitia chuma cha gari. Ile njia ya kurudi mafundi wanaiita masi.

Mukulima anajua: shamba la chini likikosa maji, hatukimbilii kununua bomba mupya. Tunafuata mufereji mpaka tuone fasi uliziba. Hapa ni vilevile.

MBELE YA KUANZA

Simamisheni gari fasi ya sawasawa, si kwenye mutelemko. Vuta freni ya mukono, weka mawe kwenye magurudumu. Kama taa zilikuwa zinawaka, ngojeni kidogo, ampule inachoma vidole.

Vyombo ni hivi: bisibisi, kipande cha musasa, kitambaa kikavu, na ampule ndogo ya gari iliyofungwa nyaya mbili, ya kupimia umeme. Kisha mutu wa pili wa kukanyaga pedali. Kama uko peke yako, rudisha gari karibu na ukuta wakati jua linazama, ukanyage, uangalie kwenye kioo kama ukuta unakuwa mwekundu. Ao tia kijiti kati ya kiti na pedali kisukume mahali pako.

Washa kontakti, kwa sababu kwenye gari zingine stopu haiwaki bila ufunguo kugeuzwa. Na mbele ya yote, osheni vioo vya taa. Tumekwisha kuona taa nzima kabisa zilizohesabiwa kama zimekufa, kumbe ni matope ya wiki mbili tu.

TAA YENYEWE ITAWAELEZA

Sasa mumoja akanyage, mwingine aangalie nyuma. Jibu litakuwa moja kati ya haya:

1. Upande mumoja unawaka, mwingine hauwaki. Batri, fuzi na kifungo ni vizima. Ugonjwa uko kwenye ampule, kwenye kikombe chake ao kwenye masi ya upande ule.

2. Hakuna hata moja inayowaka. Ampule mbili hazifi mara nyingi siku moja. Anzeni kwa fuzi, kisha kifungo cha pedali.

3. Ukikanyaga, taa inawaka kwa unyonge, ao taa zingine za upande ule zinaanza kuwaka pamoja nayo. Hiyo ni masi mbaya: umeme umekosa njia ya kurudi, unatafuta njia kwa jirani.

4. Taa hazizimiki hata ukitoa muguu. Kifungo cha pedali hakirudi fasi yake.

KAMA NI UPANDE MUMOJA

Zima kontakti. Fungua kioo cha taa, ao zungukia nyuma ya taa kwa ndani. Sukuma ampule kidogo, uizungushe upande wa kushoto, itatoka. Iangalie kwenye mwanga: ule uzi mwembamba ndani ukikatika, ao kioo kikiwa cheusi, imekufa.

Njia rahisi ya kuhakikisha: chukua ampule ya upande unaowaka, uiweke kwenye upande usiowaka. Ikiwaka, ampule ya zamani ndiyo ilikuwa mbaya. Isipowaka, musinunue ampule. Ugonjwa ni kwenye kikombe ao waya.

Mukinunua, bebeni ile ya zamani mukononi, muangalie maandishi kwenye chuma chake. Gari nyingi ndogo zinatumia ampule ya volti 12 yenye nyuzi mbili ndani: wati 21 ya stopu na wati 5 ya taa ya usiku. Vimeno vyake viwili vya pembeni havilingani, kimoja kiko juu kuliko kingine, kusudi iingie kwa njia moja tu. Ikikataa kuingia, igeuzeni, musiilazimishe. Wengine wanailazimisha, na hapo stopu inawaka kwa nguvu ya taa ya usiku, ile ya usiku inawaka kama stopu. Wa nyuma hawezi tena kujua munasimama ao munaendelea.

Kamio kubwa nyingi zinatumia volti 24. Ampule ya volti 12 ukiiweka mule itaungua mara moja. Ile ya volti 24 kwenye kamionete itatoa mwanga muchache tu.

Kama ampule ni nzima, angalieni ndani ya kikombe. Kwa sababu ya mvua na vumbi, chuma kinapata kutu ao unga wa kijani. Ondoa kwa musasa mpaka ing'ae, pangusa, inua kidogo kile kichuma cha katikati kama kimelala. Kisha fuata waya wa masi, ule unaofungwa na skurubu kwenye chuma cha gari. Fungua, piga musasa waya na chuma chenyewe, funga kwa nguvu.

Kwenye kooperative moja tuliyotembelea, shofere alikuwa amenunua ampule tatu ndani ya musimu mumoja, zote za upande wa kuume. Kila mara taa iliwaka siku chache, kisha ikazima. Tulipofungua, skurubu ya masi ilikuwa imeshikwa na kutu. Kila alipobadilisha ampule alikuwa anatingisha waya, nao unashika kidogo. Ampule zote tatu zilikuwa nzima. Alikuwa amezitupa chini ya kiti. Dawa ilikuwa kipande cha musasa.

KAMA HAKUNA HATA MOJA INAYOWAKA

Tafuteni mukebe wa fuzi, chini ya dashibodi ao karibu na batri. Kwenye kifuniko mara nyingi kuna picha inayoonyesha fuzi ya stopu. Itoe, iangalie: kile kichuma ndani kikikatika, imekufa. Wekeni nyingine yenye hesabu ileile. Kwenye fuzi za plastiki bapa, nyekundu ni ampere 10, ya buluu ni 15, ya manjano ni 20.

Hapa tunasema kwa nguvu: musiweke waya, musumari ao karatasi ya sigara mahali pa fuzi, na musiweke fuzi kubwa kuliko ile ya zamani. Ampule mbili za wati 21 zinakunywa karibu ampere 3 na nusu tu. Fuzi ikiungua, ni kwa sababu fasi fulani umeme unamwagika, mara nyingi waya uliochubuka na kugusa chuma. Fuzi inajiua kusudi gari lisiungue. Ukiweka musumari, waya wenyewe ndio utawaka moto, chini ya dashibodi, na watu wako juu ya magunia. Fuzi mupya ikiungua tena, tafuteni ule waya uliochubuka, hasa pale unapopita karibu na karoseri, kwenye fasi magunia yanasugua. Mukiupata, ufungeni vizuri na skochi.

Kama fuzi ni nzima, inameni chini ya dashibodi, muangalie juu ya mukono wa pedali ya freni. Mutaona kifungo kidogo chenye nyaya. Kama ni nyaya mbili tu, chomoa kichwa chake, uunganishe zile njia mbili kwa kipande cha waya, kontakti ikiwa imewashwa. Taa za nyuma zikiwaka, kifungo ndicho kimekufa, kibadilishwe. Zisipowaka, tumieni ile ampule ya kupimia: waya mumoja kwenye chuma safi cha gari, mwingine kwenye kila njia ya kile kichwa. Moja kati ya zile mbili inapaswa kuwasha ampule. Kama hakuna inayowasha, umeme haufiki kutoka kwenye fuzi. Kama umeme unafika, mukatiko uko nyuma, kati ya pedali na taa.

Kile kipande cha waya ni cha kupimia tu. Mukimaliza, kitoeni. Stopu inayowaka saa zote ni sawa na stopu iliyokufa: wa nyuma haoni tofauti.

KAMA TAA HAZIZIMIKI

Inua pedali na muguu. Taa zikizima, angalieni kama kapeti ao jiwe havizuii pedali kurudi, ao kama springi yake imechoka. Angalieni pia ile mpira ndogo kwenye mukono wa pedali, pale kifungo kinagusa. Ikikauka inavunjika na kuanguka, kifungo kinabaki bila kusukumwa, taa zinawaka usiku kucha. Asubuhi batri imekufa, na watu wanasukuma gari bila kujua sababu. Kama mpira iko nzima, legeza nati ya kifungo, ukisogeze karibu na pedali, ufunge tena. Pimeni: taa ziwake mara tu pedali inapoanza kushuka, zizime inaporudi. Na pedali irudi mpaka juu kabisa, isibaki inakanyagwa na kifungo.

FASI YA KUSIMAMA NA KUITA FUNDI

Kuna kazi si yetu. Kama kifungo kiko na nyaya nne ao zaidi, musiunganishe njia zake. Kama kamio inatumia freni za upepo, kifungo chake kinaweza kuwa kwenye mabomba ya upepo. Musifungue hata kimoja. Kama taa ni zile mupya zisizo na ampule ya kutoa, zinabadilishwa nzima.

Na zaidi ya yote: stopu si freni. Kama pedali inazama, ao ni laini kama kukanyaga sponji, ao munaona mafuta yanavuja karibu na gurudumu, gari isitoke hata kama taa zote zinawaka. Hapo si taa tena, ni uzima wa watu.

KAZI YA KOMITE

Shofere peke yake hawezi kuona taa zake za nyuma. Ndiyo sababu tunaona kazi hii ni ya kooperative nzima, si ya shofere tu. Tunawashauri mambo matatu:

Kwanza, kila siku ya kupakia, yule anayeandika hesabu ya magunia asimame nyuma ya gari, shofere akanyage mara moja. Taa isipowaka, muzigo ungoje. Ni kazi ya dakika moja.

Pili, ndani ya gari muwe na mukebe mudogo: ampule mbili, fuzi za hesabu zinazotakiwa, musasa, skochi. Bei yake ni ndogo sana mbele ya bei ya gunia moja lililomwagika barabarani.

Tatu, katika daftari la gari muandike tarehe, ni taa gani, na ni nini kilifanyika. Ampule ya upande mumoja ikiandikwa mara mbili ndani ya musimu, musinunue ya tatu. Tafuteni masi.

Kamionete ikirudi salama kutoka soko, mukulima analala na pesa yake, na mwenye pikipiki aliyekuwa nyuma analala kwake. Kesho wakati wa kupakia, mutu mumoja asimame nyuma na aangalie.